Mashine ilipoikataa saini ya mama: maoni yangu baada ya miaka mitatu na huduma ya kuhakiki saini kwa tableti

Jamani hili nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliandike lote. Ni ile huduma ya benki ya kuhakiki saini kwa kompyuta, yaani badala ya afisa kutoa kadi ya zamani kwenye faili na kuikodolea macho, unasaini juu ya tableti na programu ndo inaamua kama saini ni yako au si yako. Jina la wanaoniwekea hela zangu silitaji, nazungumzia huduma yenyewe. Nimeitumia miaka mitatu sasa, mimi kwa akaunti yangu na mama kwa ya kwake, huwa tunaenda wote, kwa hiyo nimeiona ikifanya kazi vizuri mno na nimeiona ikimdhalilisha mtu asiye na kosa lolote.

Nianze na mama maana ndo sababu ya kuandika.

Mama ana saini moja tangu ujana wake. Herufi ya kwanza anaifungua kwa kitanzi kikubwa upande wa kushoto, kalamu inashuka, inapanda, herufi zingine zinafuatana kama uzi bila kalamu kunyanyuliwa, halafu mwisho kabisa anaurudisha mkia nyuma chini ya jina zima. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaiiga kwenye madaftari na hakuna aliyeipatia. Sasa siku hiyo alitaka kutoa hela zake mwenyewe, akasaini, skrini ikaandika saini hailingani. Kijana wa kaunta akamwambia, na aliongea kwa heshima kabisa, "Mama, jaribu tena taratibu." Akajaribu taratibu, haikulingana. Mara ya tatu akaniangalia kwanza, akavuta pumzi, akashika ukingo wa tableti kwa mkono wa kushoto isiteleze, akawa anaichora ile saini kipande kwa kipande kama mtoto anayefuatisha herufi, ikakataa tena, na mfumo ukafunga muamala. Mama akamwambia yule kijana, "Mwanangu, saini hii nimeanza kuiandika wewe hujazaliwa." Kijana akajibu, "Naamini mama, ila mfumo umekataa."

Tulirudi nyumbani bila hela na njiani hakusema neno.

Mimi nikashika simu nikaanza kusoma hizi mashine zinafanyaje kazi, na kitu cha kwanza nilichokielewa kiliniuma, kwamba ule ushauri wa "taratibu" ndo uliommaliza. Kuna aina mbili za kuhakiki. Moja inaangalia picha ya saini iliyokwisha kuandikwa, kwenye karatasi iliyoskaniwa au kwenye hundi, hapo mashine inaona umbo peke yake. Nyingine ndo hii ya tableti, inakufuatilia wakati unaandika: kalamu iko wapi, imefika pale sekunde gani, umeikandamiza kiasi gani, na kwenye tableti nzuri hata ncha ikiwa hewani karibu na kioo inaendelea kuonekana. Tableti nyingi za kazi hii zinachukua nukta kama 200 kwa sekunde. Kwa hiyo saini ya sekunde tatu inakuwa nukta mia sita, na kila nukta ina mahali pake, muda wake na uzito wake wa mkono.

Faida yake ni kubwa sana, na hapa naisifia huduma hii kwa moyo wote. Mtu anayeghushi anaweza kuliiga umbo la saini yako hadi wewe mwenyewe uchanganyikiwe, lakini kuiga mwendo wa mkono wako ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu wewe unaposaini huwazi, mkono unakimbia wenyewe, na yeye kila kona anasita kuangalia inayofuata. Nililijaribu hili. Binamu yangu ana mkono mzuri wa kuchora, nikamwomba aiige saini yangu, akakaa jioni nzima na karatasi mbele yake, na kwa macho nakwambia ile saini ilikuwa yangu, nisingeikana. Tukaenda kwa afisa ninayefahamiana naye, tukamweleza tunachofanya, akatufungulia sehemu ya majaribio. Binamu akasaini mara tano, mara tano zote ikakataa. Nikasaini mimi ovyoovyo nimesimama, ikakubali papo hapo. Kwa kulinda hela dhidi ya mtu wa nje sijaona njia ya kawaida ya saini inayoishinda.

Sasa rudi kwa mama. Alipokataliwa mara ya kwanza akaingiwa na hofu, akaambiwa aandike taratibu, akaanza kujiiga mwenyewe. Akawa anasita kwenye kila kona. Ukiangalia kwa macho ya mashine, mama yangu mara ya pili na ya tatu alikuwa anaandika kama mtu anayeghushi saini ya mama yangu. Kila alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kupotea. Kwa hiyo wenye hizo kaunta nawaomba sana, mtu akikataliwa msimwambie aandike taratibu. Mwambieni apumzike, aweke kalamu chini, mwongeleshe habari nyingine kidogo, halafu asaini kama anavyosaini siku zote.

Lakini hiyo ni mara ya pili na ya tatu. Ya kwanza ilikataliwa kwa nini? Hapo ndo kuna jambo lenyewe.

Nikamwomba yule afisa anitazamie sampuli ya mama, yaani saini waliyoihifadhi ya kulinganishia, ni ya lini. Ilikuwa na miaka tisa, na msingi wake ulikuwa karatasi, walikuwa wameskani kadi yake ya karatasi walipohamia mfumo mpya, halafu siku ya kwanza ya tableti wakamchukua saini tatu za harakaharaka na kuziunganisha na ile ya kadi. Basi. Ndani ya hiyo miaka tisa mama ameanza kutetemeka mkono wa kulia. Kitanzi chake cha mwanzo kimepungua, mkia wa mwisho siku hizi unaishia katikati ya jina haufiki mwanzo, na pale kati ambapo kalamu ilikuwa hainyanyuliwi sasa ananyanyua mara mbili anapumzisha vidole. Nimeziweka zote mbili mezani, ya kadi na ya juzi. Mtu anayemjua atakwambia ni mkono uleule, mteremko uleule, ile herufi ya pili inainamia herufi ya tatu vilevile kama zamani. Ila ukipima urefu wa mistari na mahali kalamu iliponyanyuliwa, kila kitu kimehama.

Na mwandiko ndivyo ulivyo, unahama na mwenyewe. Kijana saini yake inabadilikabadilika maana bado anaitafuta, mtu mzima inatulia kwa miaka mingi, uzeeni kasi inapungua na mistari inaanza kutikisika. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, unajulikana kwa kufanya mwandiko uwe mdogo na ubane. Kiharusi kinaweza kumhamisha mtu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto kwa usiku mmoja. Hata bila ugonjwa, watu tunachapa kwenye simu kutwa nzima na kalamu tunaishika mara moja moja, mkono unasahau. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono mwaka jana, plasta ilipotolewa nilikaa karibu miezi miwili saini yangu inakubaliwa leo inakataliwa kesho, na nilikuwa na vidole vizima vyote.

Wataalamu wanalijua hili na si jana wala juzi. Mwaka 2013 Javier Galbally na wenzake walichapisha utafiti wa kuzeeka kwa saini za tableti, walikuwa na saini za watu walewale zilizochukuliwa kwa awamu 6 ndani ya miezi 15, wakazipitisha kwenye mifumo mitatu tofauti, na uwezo wa kutambua ukashuka kadiri saini mpya ilivyokuwa mbali na sampuli. Soma tena hapo, miezi 15 tu, mama yangu sampuli yake ilikuwa na miaka tisa. Na walipojaribu kuzisasisha sampuli hali ikawa nzuri zaidi. Sasa kama kinajulikana tangu 2013, kwa nini kwenye kaunta ninayokwenda mimi hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza saini yangu wameichukua lini?

Nadhani sababu moja ni jinsi mifumo hii ilivyozoeleka kupimwa. Kwa mfano yale mashindano ya kwanza ya kimataifa ya kuhakiki saini mwaka 2004, kila mtu alitoa saini zake 20, kumi siku moja na kumi siku nyingine angalau wiki moja baadaye, tena kwa kulinda siri zao waliambiwa wasitoe saini zao za kweli, wabuni nyingine waifanyie mazoezi. Mimi silaumu, ilikuwa kazi nzuri na ilisaidia watu kulinganisha mifumo kwa kipimo kimoja. Ila saini iliyobuniwa mwezi huu haina miaka arobaini ndani yake, na wiki moja haimzeeshi mtu. Mfumo unaweza kufaulu vizuri kabisa kwenye jaribio la namna hiyo na bado ukashindwa kumtambua bibi wa miaka sabini na tano.

Mtu atauliza, mbona mashine isiwe kali mpaka mwisho, mlingano kamili au hakuna? Hapana, hilo ni kosa kubwa zaidi. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Ipo kesi maarufu ya Marekani iliyoamuliwa 1868, ya wosia wa Sylvia Ann Howland, ambapo mwanahisabati Benjamin Peirce na mwanawe Charles walipima saini zake 42 za kweli, wakaangalia mistari 30 ya kushuka kwenye kila saini, na hoja yao ilikuwa kwamba ile saini yenye utata, ya kwenye ukurasa wa nyongeza, imelingana mno na ya kwenye wosia wenyewe, mistari yote 30, kiasi kwamba haiwezekani iwe imeandikwa kwa mkono huru, lazima imefuatishwa juu ya nyingine. Yaani kulingana kupita kiasi ndo kulileta shaka. Ndo maana programu nzuri inatakiwa kuijua saini yako pamoja na mtikisiko wake, inyumbuke wapi na ikaze wapi. Kuna njia iliyotoka kwenye kazi ya kutambua sauti miaka ya 70, inayonyoosha na kubana muda ili sehemu zinazofanana zikutane hata kama leo umeandika haraka na jana polepole. Na kuna mitandao pacha, yaani programu mbili za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, ambayo Jane Bromley na wenzake wa AT&T Bell Labs waliieleza mwaka 1993 kwa kazi hiihii ya saini: mitandao miwili inayofanana kila kitu, mmoja unapewa saini hii mwingine ile, halafu unapimwa umbali wa majibu yao.

Mwisho wa yote lakini ni namba moja, alama, na mtu aliyekaa ofisini ameamua alama ngapi zinatosha, huo ndo mstari wa kupita. Ukiupandisha mstari, waghushi wanapungua na wenye saini zao halali wanaokataliwa wanaongezeka. Ukiushusha inakuwa kinyume. Mstari huo ukiwa mmoja kwa watu wote, kijana wa miaka thelathini anapita na mzee anayetetemeka anabaki nje, na kwenye ripoti itaonekana mfumo unafanya kazi maana wengi wamepita. Hili ndo linaloniudhi kuliko yote.

Vitu vingine vya huduma yenyewe nivipitie. Kisanduku cha kusainia ni kifupi, mama mkia wake hauna pa kwenda. Kioo kinateleza, karatasi inashika kalamu kioo hakishiki, watu wazima wengi mkono unawakimbia. Wangebandika ile plastiki ya juu yenye mkwaruzo kidogo ingesaidia sana. Kalamu ya tableti nyepesi mno. Na kwenye simu unaweza kusaini kwa kidole lakini usijaribu kama sampuli yako ilichukuliwa kwa kalamu, kidole hakina mkandamizo wa kalamu na mistari inakuwa minene, mimi nimekataliwa mara nne mfululizo nikiwa nimekaa kwangu mzima wa afya. Ujumbe wa kukataliwa nao hausemi kitu, "hailingani" na nukta. Ungesema hata kasi ni tofauti, au umenyanyua kalamu mara nyingi kuliko kawaida, mtu angejua pa kuanzia.

Huko Marekani, kwenye majimbo mengi saini ya bahasha ya kura ya posta inalinganishwa na iliyo kwenye kumbukumbu, na majimbo mengi yana utaratibu wa kumtafuta mpiga kura ambaye saini yake imetiliwa shaka ili athibitishe kwamba ni yeye kabla kura haijatupwa. Hiyo njia ya pili ndo ilikosekana kwetu siku ile. Mama alikuwa na kitambulisho mkononi, mimi nipo, picha yake ipo kwenye mfumo, na bado muamala ulifungwa na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuufungua.

Sasa walivyorekebisha, maana haki yao niwape. Nilipopeleka malalamiko kwa maandishi wakamwita mama akaandikishwe upya, na safari hii waliifanya kazi inavyotakiwa. Yule afisa hakumchukua saini kumi kwa mpigo. Alichukua nne asubuhi ya kwanza, akamwambia arudi wiki inayofuata achukue tatu, kisha tatu nyingine baadaye, siku moja mama ametoka kunywa dawa na siku nyingine bado hajanywa, ili mfumo uuone mkono wake wa siku nzuri na wa siku mbaya. Alimpa kiti na meza ya kuegemeza kiwiko. Alimwambia, "Mama usiiandike ile ya zamani, andika ya leo." Hiyo kauli ilimfungua mama kabisa, maana muda wote alikuwa anadhani anatakiwa ailete ile saini ya ujanani. Na wakamwekea mstari wake mwenyewe wa kupita, kulingana na jinsi saini zake zinavyopishana zenyewe kwa zenyewe.

Kuna pia kusasisha kwenyewe, yaani kila saini inayokubaliwa inaingia kwenye kundi la sampuli na ya zamani kabisa inatoka. Ni kitu kizuri, saini inatembea na mwenyewe, ila niliuliza na nikajibiwa vizuri kwamba wameiwekea kizuizi. Ikiachwa wazi, mwizi akibahatika kupita mara moja anaanza kuivuta sampuli yako polepole kuelekea mkono wake, na baada ya muda yeye ndo anakubaliwa wewe unakataliwa. Kwa hiyo kwao saini haiingii kwenye sampuli mpaka mtu awe amethibitishwa kwa njia nyingine siku hiyohiyo, kitambulisho au alama ya kidole. Hapo nimewapa alama zote. Ukiwa unachagua pa kuweka hela zako waulize swali hilo, sampuli inasasishwa vipi na nani anathibitisha, wakibabaika ujue hawajaliwaza.

Nyota zangu ni tatu kati ya tano. Kwa kumzuia mwizi ningewapa tano bila kusita, kwa jinsi walivyomshughulikia mama siku ya kwanza ningewapa moja, na lile zoezi la kumwandikisha upya ndo limewapandisha. Nyota ya nne nitaongeza siku mfumo wenyewe utakapokuwa unamwita mteja, hasa wazee, kwamba sampuli yako imefikisha mwaka njoo tuichukue upya, badala ya kusubiri mtu aaibike mbele ya foleni.

Kama una mzazi anayetumia huduma ya namna hii, wiki hii nenda naye, uliza sampuli yake ni ya lini, ilichukuliwa kwa karatasi, kalamu au kidole, na ziko ngapi. Dakika kumi tu. Sisi ya mama ya mwisho imechukuliwa mwezi uliopita, alisaini mara moja ikakubali, kitanzi kidogo, mkia umeishia katikati. Tarehe nimeiandika kwenye jalada la daftari lake la hela, mwakani mwezi kama huu tunarudi.